Kalenda anayo mama, ufunguo anao baba

Barabara ya kutoka Muheza kwenda Amani hupinda na kupanda mpaka joto la pwani libaki chini. Ukishapita Sigi, ambako zamani ndiko reli ya Wajerumani ilikoishia, ukungu huanza kushuka kwenye miti, kisha hutokea mashamba ya chai: Kwamkoro, Bulwa, Monga. Huku juu, mwaka 1902, Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa mimea na kilimo. Walipanda miti ya kwinini kwa ajili ya dawa ya malaria, wakajaribu kahawa, mpira na viungo. Waingereza walipokipokea kituo wakazalisha hapo mbegu za muhogo zinazostahimili magonjwa. Tawala zilibadilika, lakini kazi ya kupima mvua na kuiandika daftarini iliendelea. Leo inajulikana kwamba Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa sababu wapo waliokubali kwenda kwenye kipimo hata siku ambazo halikudondoka tone.

Kanisa Katoliki linawataka wanandoa wawe na daftari la namna hiyo. Linawaambia wasizuie mimba kwa kidonge, sindano, kijiti, kitanzi, kondomu wala kwa kufunga kizazi. Wausome mwili wa mke siku kwa siku, wajue siku za rutuba na siku zisizo na rutuba, na kama wana sababu nzito ya kutotaka mtoto kwa wakati huo, wakutane katika siku zisizo na rutuba. Ni fundisho linaloeleweka. Shida ni kwamba daftari lenyewe amekabidhiwa mtu mmoja. Mama ndiye anayekwenda semina, mama ndiye anayehesabu, mama ndiye anayeulizwa mimba ikiingia. Baba, ambaye neno lake la usiku ndilo linaloamua kama hesabu ya mchana ina maana, hayumo darasani. Fundisho hili haliwezi kusimama bila yeye, na kwa muda mrefu limehubiriwa nchini kana kwamba yeye halimhusu.

Kwanza iwekwe sawa habari yenyewe. Mtaani ukisema Kanisa Katoliki limekataza uzazi wa mpango hakuna atakayekubishia, awe Mkristo au Mwislamu. Hiyo ni nusu ya habari. Waraka Humanae Vitae, alioutia saini Papa Paulo VI tarehe 25 Julai 1968, unazungumza katika kifungu cha 10 juu ya wazazi wanaowajibika, na unawataja wa aina mbili: wale wanaoamua kwa busara na ukarimu kuwa na watoto wengi, na wale ambao kwa sababu nzito wanaamua kutoongeza mtoto kwa muda fulani au kwa muda usio na kikomo. Afya imetajwa, uchumi umetajwa, hata hali ya jamii imetajwa. Kupanga hakukukatazwa. Kilichokatazwa, katika kifungu cha 14, ni njia. Mwaka 2015, akiwa ndani ya ndege akirejea Roma kutoka Ufilipino, hayati Papa Fransisko aliwaambia waandishi wa habari kwamba wapo wanaodhani ili mtu awe Mkatoliki mwema sharti azae kama sungura, na kwamba hivyo sivyo. Dunia ikacheka, na wafuga sungura wa Ujerumani wakatoa malalamiko yao. Kimafundisho, Papa hakuwa amesema neno jipya.

Sababu ya kukataza njia ni hii: Kanisa linaamini tendo la ndoa lina maana mbili ambazo binadamu hana ruhusa ya kuzitenganisha, yaani kuwaunganisha wawili na kubaki wazi kwa uhai. Anayetumia kidonge ameitaka maana moja akaifungia nje nyingine. Anayesubiri hajatenganisha kitu, maana hakuna tendo lililofanyika. Hata kumwaga nje, ambako wanazuoni wengi wa Kiislamu, akiwemo Ghazali, walikukubali tangu kale kwa jina la azl, kwa Wakatoliki hakuruhusiwi. Ndiyo maana majirani wawili katika kambi moja ya wachuma chai, wanaochangia kisima na chumvi, wanaweza kuwa na sheria mbili za chumbani.

Na si Waislamu peke yao. Kwa watu wa Muheza historia hii imepita mlangoni. Hospitali iitwayo Teule ni ya Waanglikana wa Dayosisi ya Tanga, warithi wa misheni ya UMCA iliyojenga kituo cha Magila katika karne ya 19. Mpaka mwaka 1930 Waanglikana na Wakatoliki walisema lugha moja juu ya kuzuia mimba. Mwaka huo maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, London, walipiga kura 193 dhidi ya 67 na kuruhusu, kwa masharti, wanandoa wanaoona ni wajibu wao kupunguza uzazi watumie pia njia nyingine mbali na kujinyima. Mwaka haujaisha, tarehe 31 Desemba, Papa Pio XI akajibu kwa waraka Casti Connubii, na jibu lilikuwa hapana. Tangu hapo binti wa Kibondei aliyebatizwa Magila na mwenzake aliyebatizwa kwa mapadre wa Roma wana majibu mawili kwa swali moja.

Hapana hiyo haikukaa kimya. Mwaka 1951 Papa Pio XII aliwaambia wakunga wa Italia kwamba kutumia siku zisizo na rutuba kunaweza kuwa halali. Mwaka 1960 Marekani ikaruhusu kidonge. Mwaka 1963 Papa Yohane XXIII akaunda tume ndogo ya kulitazama suala lote, na Paulo VI akaipanua mpaka ikawa na madaktari, wanateolojia, maaskofu na hata wanandoa. Kutoka Afrika alikuwamo Askofu Mkuu Jean Zoa wa Yaoundé, Kameruni. Mwaka 1966 wengi katika tume wakapendekeza msimamo ubadilike. Papa akasikiliza, akasali, akachelewa miaka miwili, kisha katika Humanae Vitae akaandika kinyume cha wengi. Jimbo la Tanga, lililokuwa mikononi mwa wamisionari Warosmini, lilikuwa na umri wa miaka 10 tu siku hiyo. Azimio la Arusha lilikuwa na mwaka mmoja na miezi.

Kipo kisa kingine cha enzi hizo, na hiki kilitokea jirani. Baada ya uhuru wa Kongo, masista waliofanya kazi huko walikabiliwa na hatari ya kubakwa katika machafuko. Mwaka 1961 jarida la Kikatoliki la Italia, Studi Cattolici, lilichapisha maoni ya wanateolojia watatu wa maadili walioulizwa kama masista hao wangeweza kujikinga kwa kidonge. Wote watatu, kila mmoja kwa hoja yake, walijibu kwamba inawezekana. Mmoja wao, Monsinyori Ferdinando Lambruschini, ndiye aliyesimama mbele ya waandishi wa habari Roma tarehe 29 Julai 1968 kuutambulisha waraka Humanae Vitae. Mtu yuleyule aliruhusu kidonge Kongo akakitangaza kuwa haramu kwa dunia, na wala hakujipinga. Katazo linahusu tendo la ndoa lililo huru, la wawili waliokubaliana. Kubakwa si tendo la ndoa.

Hapo ndipo msomaji makini anapotakiwa kusimama kidogo. Kama hoja yote imejengwa juu ya tendo huru la wawili, basi vipi nyumba ambayo mke akisema "leo siku mbaya" hasikilizwi? Waraka wenyewe unalijua swali hilo. Kifungu cha 13, ambacho husikika mara chache mno kuliko cha 14, kinasema kwamba tendo analolazimishiwa mwenzi bila kujali hali yake wala matakwa yake ya haki si tendo la upendo wa kweli, na linakiuka maadili ya ndoa. Katika hili Kanisa limeitangulia sheria ya nchi. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 haimhesabu mume kuwa mbakaji wa mkewe isipokuwa kama wametengana. Padre anayesimama mimbarini Jumapili ana silaha ambayo hakimu hana, na mara nyingi anaiacha kabatini.

Wala subira haikuletwa na padre. Kabla ya misheni yoyote, watu wa pwani na wa milima ya Usambara waliijua kwa jina la kitisho chake: kubemenda. Wazazi wakirudiana mapema wakati mtoto bado ananyonya, au mama akishika mimba nyingine juu ya ziwa, au baba akitoka nje ya ndoa kisha akaja kumbeba mtoto, mtoto hudhoofu. Miguu inakonda, nywele zinabadilika, kutembea kunachelewa. Bibi akitamka kwamba mjukuu amebemendwa, nyumba nzima inanyamaza, na baba mtu anatafuta sababu ya kwenda kuangalia mbuzi. Daktari ataita hali hiyo utapiamlo. Lakini hata kitabu cha tiba kimekopa kwa mabibi: Cicely Williams, daktari aliyefanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, ndiye aliyeingiza katika maandiko ya kitabibu mwaka 1935 neno la kabila la Waga, kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake yuko njiani. Bibi wa Kisambaa na daktari wa Kiingereza walikuwa wakimtazama mtoto yuleyule.

Kwa hiyo nafasi kati ya mtoto na mtoto ilikuwepo, mara nyingi miaka miwili na zaidi, na ililindwa na mwiko. Swali ambalo wahubiri hawapendi kuliuliza ni hili: katika miaka hiyo miwili mume alikuwa wapi? Mara nyingi alikuwa kwa mke mwingine. Mwiko ulimlinda mtoto na mama, na ndoa ya wake wengi ikampunguzia baba gharama ya kusubiri. Misheni zikaja zikasema mke mmoja. Mwandishi huyu hana ugomvi na hilo. Ila waliondoa nguzo moja ya nyumba bila kuweka nyingine: mwanamume akaambiwa asubiri kama babu yake, bila mlango ambao babu yake alikuwa nao, na bila mtu wa kumfundisha namna ya kusubiri.

Mwanamke, yeye, ana wa kumfundisha. Pwani bibi harusi ana kungwi au somo wake, mama mtu mzima anayemweka ndani na kumwambia yote, ya jikoni na ya chumbani, bila kupepesa jicho. Wavulana nao walikuwa na jando lao. Jando siku hizi limekuwa wiki moja ya likizo ya shule na mkasi wa zahanati, na sehemu ya mafundisho imeanguka njiani. Kanisa lilipochukua nafasi ya kungwi kwa mafundisho ya ndoa, lilichukua saa chache kati ya kujaza fomu na kutangaza ndoa mara tatu. Kipindi cha uzazi wa mpango kwa njia za asili, pale kinapokuwepo, mara nyingi hutolewa na sista au mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na bwana harusi hukitumia kuangalia simu.

Inafaa kusema njia hizi ni zipi hasa, kwa sababu neno "kalenda" limezibeba zote na kuziharibia jina. Kalenda yenyewe ni ya zamani. Ilitokana na kazi za Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria katika miaka ya 1920, nayo hukisia siku za rutuba kwa kuhesabu mizunguko iliyopita. Mwili hauwajibiki kuufuata mwezi uliopita, na wengi wamepata "mtoto wa kalenda" kwa njia hiyo. Baya zaidi, wengi wanaosema wanatumia kalenda huhesabu vibaya, wakidhani siku za hatari ni zile za mara tu baada ya hedhi. Mwaka 1953 huko Melbourne, Australia, daktari John Billings alianza kazi aliyoiendeleza pamoja na mkewe Evelyn, naye daktari: kumfundisha mwanamke kuutambua ute wa ukeni unavyobadilika anapokaribia kupevusha yai. Njia hiyo haikisii, inatazama. Inafaa hata kwa asiyejua kusoma, mradi amefundishwa na kufuatiliwa kwa miezi kadhaa.

Ipo pia njia ya shanga, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington. Ni mkufu wa shanga 32: nyekundu kwa siku ya kwanza ya hedhi, nyeupe kwa siku ya 8 hadi ya 19, siku ambazo wasiotaka mimba hawakutani. Inawafaa wanawake ambao mzunguko wao ni wa siku 26 hadi 32. Kwa watu wa Tanga shanga zilikuwa na kazi nyingine chumbani kabla ya Georgetown, na huenda ndiyo sababu wengine hucheka wakionyeshwa. Na iko njia ya kunyonyesha, ambayo kila bibi aliijua kwa nusu: mtoto akiwa chini ya miezi 6, akinyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na hedhi ikiwa haijarudi, kinga ni ya asilimia 98. Sharti moja likivunjika, hesabu imekwisha.

Hapa namba zina neno la kusema. Njia ya shanga ikifuatwa kikamilifu, wanawake 5 kati ya 100 hupata mimba katika mwaka mmoja. Katika matumizi ya kawaida ya watu wa kawaida, hufika 12. Pengo hilo kati ya 5 na 12 halitoki kwenye mwili wa mama. Sehemu kubwa linatoka kwenye usiku ule ambao shanga ilikuwa nyeupe na mtu hakutaka kusikia. Kijiti hakina pengo la namna hiyo. Kikishaingia mkononi kinafanya kazi, mume akubali asikubali, awe mlevi awe mcha Mungu.

Ndiyo maana ya ule ufunguo alio nao baba, na ndiyo sababu wanawake wengi hutafuta njia isiyouhitaji. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 38 ya wanawake walioolewa Tanzania walikuwa wakitumia njia fulani ya kupanga uzazi, na asilimia 31 walikuwa kwenye njia za kisasa. Vijiti na sindano ndivyo vinavyoongoza. Kwa wastani mwanamke nchini huzaa watoto 4.8. Anayejiuliza kwa nini sindano inapendwa hivyo na amuulize muuguzi yeyote wa kliniki ya mama na mtoto. Sindano ni ya miezi mitatu, haina kidonge cha kuficha chini ya godoro, wala haiachi alama ambayo mume ataipapasa gizani. Baadhi ya wanawake huacha kadi ya kliniki kwa shoga ili isionekane nyumbani.

Wengine hulisema hilo kama ushahidi wa utapeli wa wanawake. Ni ushahidi wa nyumba isiyo na mazungumzo. Papa Paulo VI aliandika, katika kifungu cha 17, kwamba anaogopa mwanamume akizoea vidhibiti mimba atapoteza heshima kwa mwanamke na kumfanya chombo cha starehe yake. Katika mashamba ya chai na minazi ya Tanga mambo mara nyingi yameanzia upande wa pili. Heshima ilikosekana kwanza, sindano ikafuata. Mama mwenye watoto sita, anayelipwa kwa kilo ya majani aliyochuma, ambaye kila mimba inamwondolea kikapu mgongoni kwa miezi, hakwenda zahanati kubishana na Roma. Alikwenda kwa sababu hakuwa na mtu wa kukubaliana naye nyumbani.

Wanasiasa nao wamelichanganya jambo, na wawili wakubwa kati yao walikuwa Wakatoliki wa kwenda misa. Mwalimu Nyerere, mwaka 1969, alipouwasilisha Mpango wa Pili wa Miaka Mitano mbele ya TANU, alisema nchi ni kubwa na watu zaidi wanafaa, lakini akataka Watanzania wafikirie uwezo wa kuwatunza watoto badala ya idadi yao tu. UMATI, chama kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1959, kilifanya kazi chini ya utawala wake, na jina lake lenyewe linataja uzazi na malezi bora. Kesi ya Mwalimu ya kutangazwa mwenye heri ilifunguliwa jimboni Musoma. Kwa upande wa pili, Rais Magufuli, akiwa Meatu mkoani Simiyu Septemba 2018, aliwaambia wananchi kwamba wanaopanga uzazi ni wavivu wanaoogopa kulisha watoto wao, na mwezi huohuo matangazo ya uzazi wa mpango yakasimamishwa. Waumini wengi walisikia katika maneno hayo sauti ya Kanisa lao. Haikuwa hiyo. Kanisa halijawahi kumwita mvivu mzazi anayepanga. Yeye Nyerere alikuwa karibu zaidi na kifungu cha 10.

Wapo watakaosema suluhisho ni rahisi: Roma ibadilike, kama tume ilivyotaka mwaka 1966, na mambo yaishe. Huenda iko siku. Lakini maaskofu wa Afrika Mashariki hawaonyeshi dalili ya kuliomba hilo, na mama wa Bulwa hawezi kuusubiri mtaguso ujao. Wengine, upande wa pili wa kanisa, husema vijiti ni njama ya wazungu ya kutupunguza. Hofu hiyo haina msingi wa kitabibu, na nchi iliyotoka watu milioni 44.9 mwaka 2012 kufika milioni 61.7 mwaka 2022 haijapunguzwa na mtu. Hata hivyo wanagusa jambo moja la kweli: vifaa hivi kwa sehemu kubwa vimelipiwa na fedha za nje. Mwaka 2025 Marekani ilipoifunga USAID, zahanati nyingi barani zilikumbushwa kwamba mkono unaotoa unaweza kukunjwa. Daftari na ute havihitaji meli. Wala malalamiko ya wanawake juu ya hedhi kuvurugika, damu isiyokatika na uzazi kuchelewa kurudi baada ya sindano si ya kubuni. Hayo Kanisa lina haki ya kuyasema, na serikali ina wajibu wa kuyasikia.

Kisichokubalika ni kusema hapana kwa sindano kisha kutofundisha kitu. Jimbo linalotaka fundisho lake liishi linahitaji walimu wa Billings waliofunzwa, wanandoa wawili wawili, baba na mama, katika kila kigango, si sista mmoja kwa wilaya nzima. Waraka wenyewe, katika kifungu cha 24, uliwasihi wanasayansi watafute msingi imara zaidi wa njia za asili. Wanasayansi walifanya sehemu yao. Miundo ya Kanisa ipo: jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa ukanda huu walizipa kipaumbele tangu mwaka 1976, hukutana nyumba kwa nyumba kila wiki, WAWATA walitimiza miaka 50 mwaka 2022 kwa sherehe kubwa, na UWAKA, umoja wa wanaume, upo katika parokia kwa jina na kwa sare. Mara nyingi UWAKA husikika wakati wa harambee ya kuezeka kanisa. Jando la waume hao lingeanza na kifungu cha 13, lisomwe kwa sauti, kisha mzee anayeheshimika awaambie vijana bila kutafuna maneno kwamba mke akisema siku si nzuri, kulala upande wa ukuta ni sehemu ya sakramenti waliyoipokea.

Mama aliyekwisha kuweka kijiti asigeuzwe mfano wa mahubiri. Waraka uleule, ulio mkali juu ya njia, unawaagiza mapadre katika kifungu cha 29 wawe na uvumilivu na wema kama wa Kristo, na unawaambia wanandoa walioanguka wasikate tamaa bali waende kwenye kitubio. Na padre atakapomsikiliza huko, angemuuliza pia habari za mumewe.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya dini. Kliniki za wajawazito zimeshajaribu kumvuta baba kwa kumhudumia mapema mama aliyefuatana na mume, ingawa inasimuliwa kwamba wapo waliokuja na dereva wa bodaboda kwa kukosa mume wa kufuatana naye. Njia za asili zimo katika orodha ya uzazi wa mpango, lakini mteja akizitaja hupewa sentensi mbili na kipeperushi. Muuguzi anayejua kueleza kijiti kwa dakika 20 anaweza kufundishwa kueleza ute kwa dakika hizohizo, na Mkatoliki akatoka pale na kitu mkononi.

Semina ya uzazi itakapotangazwa tena kanisani, huko Amani au kwingineko jimboni, paroko na aseme waziwazi kabla ya baraka ya mwisho kwamba mama atakayekuja peke yake ataombwa arudi nyumbani akamlete baba watoto, na kwamba kiti chake kimeshawekwa mbele.